Muulize Bibi Shamba: Klivia na Wanaoipenda Kupita Kiasi

Toleo lililopita nilitaja klivia kwa sentensi moja tu, nikimjibu mtu aliyetaka ua la kudumu la kupanda mahali pasipofikiwa na jua. Sentensi hiyo imeniletea barua mpaka meza imejaa. Basi leo safu nzima ni ya klivia. Walioniuliza kuhusu waridi na asumini waniwie radhi, zamu yao i njiani.

Kwa asiyeijua, klivia ni mmea wa majani marefu ya kijani kilichokoza, mapana kiasi cha vidole vitatu, yanayotoka chini kabisa na kujipanga pande mbili kwa zamu. Katikati huchomoza bua nene lenye shada la maua 10, 15, wakati mwingine zaidi ya 20, ya rangi ya chungwa yenye koo la manjano. Asili yake ni misitu ya kusini mwa Afrika: KwaZulu-Natal, Eastern Cape, Eswatini. Huko huota chini ya miti mirefu, mizizi ikiwa imejichimbia kwenye majani yaliyooza, na pengine juu ya mwamba wenye mboji kiduchu. Haipukutishi majani, haifi baada ya kuchanua, na ikipata mahali pake hukaa miongo. Zinajulikana spishi sita. Nitakayoizungumzia sana ni Clivia miniata, kwani ndiyo iliyomo kwenye vyungu vya karibu wote walioandika.

Shikamoo Bibi Shamba. Mama mkwe alinipa klivia ikiwa mche mdogo, na huu ni mwaka wa nne. Naifuta majani kila wiki, nainywesha kila baada ya siku mbili, mbolea haikosi kila mwezi. Nimeihamishia kwenye chungu kikubwa mara mbili ya kile cha kwanza. Ipo sebuleni karibu na dirisha, imenenepa, inang'aa. Ua sijaliona. Mama mkwe akija huitazama klivia, kisha hunitazama mimi, halafu huomba maji ya kunywa. — Mkwe mwenye aibu

Marahaba, mwanangu. Kwanza hesabu majani. Klivia iliyooteshwa kwa mbegu huchukua miaka mitatu hadi mitano kabla ya ua la kwanza, na hata miaka ikitimia haichanui mpaka shina liwe na majani yapatayo 12. Ukihesabu yakawa manane, mwonyeshe mama mkwe, muyahesabu pamoja, na habari iishie hapo.

Ila kwa jinsi unavyoieleza, nahisi majani yamepita idadi hiyo. Basi kinachokosekana ni baridi.

Ua la klivia huanza kuundwa chini kabisa, kwenye makutano ya majani, miezi mingi kabla hujaliona. Huko chini hukaa likisubiri. Linalosubiri ni majira ya usiku wa baridi, kati ya nyuzi 5 na 12 hivi, yadumu wiki sita hadi nane, huku udongo ukiwa karibu mkavu. Kwenye misitu ya KwaZulu-Natal ndivyo mwaka ulivyo: baridi huja na ukame, mvua huja na joto. Sebuleni kwako mwaka mzima ni siku moja ndefu. Joto lile lile, maji yale yale, taa usiku. Mmea hauna namna ya kujua kwamba wakati umefika.

Kwa hiyo msimu wa baridi unapoanza, itoe. Ipeleke barazani au kwenye chumba kisicho na joto, mahali isiponyeshewa wala kupigwa na jalidi, kwa sababu jalidi huunguza majani. Mbolea simamisha kabisa. Maji mpe kikombe kimoja kila baada ya wiki tatu hivi, basi, ili majani yasinywee tu. Utamwonea huruma. Mwache. Siku moja utaona kitu kimechungulia katikati ya majani, kipana na bapa, si jani. Usikimbie na ndoo! Subiri bua lifike sentimita 15, ndipo uirudishe sebuleni na kuanza kunywesha kama kawaida.

Suala la maji limenisikitisha kuliko yote. Kila baada ya siku mbili ni mafuriko. Mizizi ya klivia ni minene, myeupe, na imefunikwa na tabaka la sifongo linalonyonya maji na kuyaweka akiba. Ni mmea unaotembea na mtungi wake. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili; ukisikia unyevu, ondoka. Na kile chungu kikubwa ulichokipata kwa nia njema kimejaa udongo ambao mizizi haijaufikia, nao unakaa na maji yasiyonywewa na mtu. Klivia hupenda mizizi ibanane. Lakini usiihamishe tena sasa, maana kila ukiihamisha inaanza upya kutafuta utulivu. Iache mpaka ikijaze chungu.

Mbolea kila mwezi wakati wa joto si dhambi, ila chagua yenye potasiamu ya kutosha. Ikizidi naitrojeni utalea majani tu, na hayo unayo tayari. Kufuta majani endelea, mikono yako inahitaji kazi.

Sasa sitakudanganya wewe wala wengine mnaoishi mahali ambapo usiku haushuki chini ya nyuzi 15 mwaka mzima. Huko klivia huchanua kwa kubahatisha, pengine miaka miwili ua, miaka mitatu kimya. Iwekeni pahali penye baridi kuliko pote mlipo napo, ikazieni maji, na mridhike na majani. Wapo wanaoridhika nayo sana. Mji wa Changchun, kaskazini mashariki mwa China, uliichagua klivia kuwa ua la mji mwaka 1984, na wapenzi wa klivia wa huko huzishindanisha kwa majani kwanza: mafupi, mapana, yenye mishipa inayoonekana wazi. Katika miaka hiyo ya 1980 bei yake huko ilipanda hadi watu wakawa wanaibiana vyungu usiku. Kwa ajili ya majani, mwanangu.

Bua lilichungulia, nikafurahi, nikawaita majirani. Sasa maua yamefunguka huko huko chini kati ya majani, yamebanana, nusu yameanza kuoza. Nimefanyiwa husuda? — Niliyewaita mapema

Hapana. Bua limekwama, na hili hutokea sana kwa wenye haraka. Ama baridi haikudumu vya kutosha, ama uliiingiza ndani kwenye joto mara tu ulipoona kichwa, ama ulisahau kunywesha bua lilipoanza kupanda. Likishakwama halinyooki, na maua yaliyofunguka huwezi kuyarefusha shingo. Yatoe yanayooza yasije yakaambukiza moyo wa mmea, nywesha vizuri, na mwaka ujao iache kwenye baridi wiki mbili tatu zaidi ya ulivyoiacha safari hii. Na majirani waalike bua likiwa limeshavuka majani.

Bibi Shamba, nyuma ya nyumba yangu kuna mti mkubwa, chini yake hapaoti hata nyasi. Nilipanda klivia sita. Mbili zimebabuka, madoa meupe ambayo sasa ni kahawia. Nne zimedumaa, majani marefu yamelala chini. Wewe ulisema ni ua la kivuli. Kivuli si ndicho hicho? — Mwenye mti

Barua yako nimeiweka juu ya nyingine zote, kwa kuwa umepanda klivia sita chini ya mti mmoja ukapata magonjwa mawili yaliyo kinyume, na hujaona ajabu.

Kivuli si kimoja. Kuna kivuli cha mti wenye majani madogo, ambapo mwanga hupenya na kuhama siku nzima. Hicho ndicho cha klivia. Kuna kivuli cha ukuta, ambacho kinaweza kuwa kizuri sana kama mbingu inaonekana juu yake. Na kuna kivuli cha mwembe mzee, kizito, kinachofanya mchana uwe magharibi. Zako nne ziko kwenye hicho cha tatu. Hizo mbili zilizobabuka nina hakika umezipanda pembezoni, na jua la alasiri linaingia chini ya matawi na kuzipiga ubavuni. Nenda ukaangalie saa tisa au saa kumi alasiri.

Kipimo changu ni hiki. Katikati ya mchana wenye jua, nyoosha mkono juu ya majani, kiasi cha sentimita 30. Kivuli cha mkono kikiwa na kingo kali, jua ni jingi mno. Kikiwa kimefifia lakini vidole bado vinahesabika, panda. Usipokiona kivuli kabisa, hapo klivia itaishi lakini itarefusha majani ikitafuta mwanga, yatalala kama yako, na ua utalisikia kwa wengine. Jua la asubuhi, kwa muda wa saa moja au mbili, haliidhuru. La alasiri ndilo adui.

Madoa ya kubabuka hayaponi. Usiyakate majani hayo kwa ajili ya urembo, kwani sehemu iliyobaki kijani bado inaulisha mmea. Yatazeeka na kutoka yenyewe kwa zamu.

Halafu kuna jambo la mizizi. Mahali pasipoota nyasi mara nyingi si giza peke yake, ni mti unakunywa kila tone. Mkaratusi ni mnyang'anyi mkubwa kuliko wote. Usijaze udongo mpya juu ya mizizi ya mti ili upate pa kupanda, maana kuufunika shina hivyo kunaweza kuuozesha, nao mti utakutafuta ukianguka. Punguza matawi ya chini ili mwanga uingie kwa pembeni. Zangu ziko upande wa nyumba unaopata jua la mapema tu, chini ya mti ambao matawi yake ya chini niliyaondoa mwenyewe kwa msumeno wa mkono, na tofauti niliiona msimu uliofuata. Kama mizizi ya mti imebana kila mahali, panda kwenye vyungu na uviweke hapo hapo chini ya mti. Klivia inapenda kubanwa, hivyo chungu si adhabu. Viinue juu ya matofali, la sivyo mizizi ya mti itapanda kupitia tundu la chini na kukunywea maji yako humo humo.

Na ufagio uweke mbali. Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba bustani nzuri ni ile iliyofagiwa hadi ardhi ikawa uchi. Majani yanayoanguka ndiyo chakula cha klivia, ndiyo blanketi lake. Yaache yarundikane kuzunguka mmea. Utakayoyatoa ni yale yaliyodondokea moyoni mwake, pale majani yanapoungana, kwa sababu yanashikilia maji na kuozesha.

Klivia yangu maua yake yananing'inia chini, hayafunguki vizuri, ni membamba. Ya rafiki yangu yanatazama juu. Yangu ni mgonjwa? — Inayoinama

Ni mzima kabisa, ila si Clivia miniata. Ile ndiyo pekee yenye maua yanayofunguka na kutazama juu. Spishi nyingine tano zote huning'iniza maua membamba, nao ndege aina ya chozi huingiza midomo yao humo kunyonya. Yako huenda ni Clivia gardenii au Clivia nobilis. Kuna na Clivia mirabilis ya Northern Cape, ambayo wataalamu waliipa jina mwaka 2002 tu, nayo huishi kwenye ukame ambao ungeua nyingine zote. Matunzo ya yako ni yale yale. Usimwonee wivu rafiki yako, chozi hawatamtembelea sana.

Salaam Bibi. Nilipata mbegu kutoka klivia ya manjano ya jamaa yangu, nikaotesha, nikalea miaka minne. Zimechanua mwaka huu, zote rangi ya chungwa! Jamaa anaapa alinipa mbegu za manjano. — Niliyedanganywa?

Hakukudanganya. Mama ni wa manjano kweli. Baba ndiye hukumjua. Kipepeo au nyuki alileta chavua kutoka klivia ya chungwa ya jirani. Rangi ya manjano hujificha mbele ya chungwa: mtoto wa mama wa manjano na baba wa chungwa hutoka chungwa, akiwa amebeba manjano ndani yake bila kuionyesha. Usizitupe basi. Ukizichavusha mbili kati ya hizo zenyewe kwa zenyewe, katika kila watoto wanne, kwa wastani mmoja atakuwa wa manjano. Au rudisha chavua ya yule mama, na nusu yao watakuwa manjano. Miaka minne mingine, najua. Mtu wa klivia hana haraka.

Kuna na mtego mwingine unaowachanganya hata wazoefu. Zipo koo za manjano zisizopatana. Ukichukua manjano ya ukoo mmoja na manjano ya ukoo mwingine ukazichanganya, watoto wote wanaweza kutoka chungwa. Kwa hiyo mwenye kuuza mbegu na kukwambia "manjano kwa manjano" bado hajamaliza maelezo.

Lakini hukuhitaji kusubiri miaka minne kujua. Mche ukiwa na jani moja au mawili, tazama pale chini jani linapotoka kwenye udongo. Klivia itakayochanua chungwa huwa na wekundu wa zambarau hapo. Itakayochanua manjano kwa kawaida huwa kijani kitupu. Ziweke zenye kijani kitupu upande wako, nyingine gawa. Vilevile tunda la manjano huiva likiwa manjano, na la chungwa huiva likiwa jekundu.

Ukitaka kuchavusha mwenyewe, chukua brashi ndogo ya rangi, gusa unga wa chavua kwenye ua la baba, upake kwenye ncha ya ule uzi mmoja wa katikati ulio mrefu kuliko wenzake kwenye ua la mama. Funga uzi wa rangi kwenye kikonyo ili ukumbuke. Matunda huchukua takriban miezi tisa, wakati mwingine zaidi, kuiva. Yakiiva menya, osha nyama yote na ngozi nyembamba inayoizunguka mbegu, kisha ibonyeze juu ya mchanga mnene wenye unyevu, nusu nje nusu ndani. Usiizike. Usiikaushe kuiweka akiba mwakani, kwani mbegu ya klivia ikikauka imekufa. Mahali penye joto la wastani na kivuli itatoa mzizi kwa wiki nne hadi sita.

Majani ya katikati yanang'oka nikiyavuta, chini yamelainika na yananuka. Udongo niliotumia ni mzuri kabisa, mfinyanzi mweusi, na juu naongeza samadi ya ng'ombe kila mara. — Nimekata tamaa

Acha gazeti, nenda sasa hivi, barua hii utaimalizia baadaye. Huo ni uozo wa bakteria, na hauna subira.

Ng'oa mmea, kung'uta udongo wote. Kwa kisu kikali kata kila kilicho laini na cha kahawia mpaka ufike kwenye nyama nyeupe ngumu. Kila mkato, futa kisu kwa spiriti, la sivyo unapaka ugonjwa kwenye kidonda kibichi. Nyunyiza unga wa salfa. Kisha uache mmea nje ya udongo, kivulini, penye hewa, wiki nzima. Ndiyo, wiki nzima, hautakufa. Nimewaambia wote hapo juu kwamba mizizi ina akiba. Panda kwenye changarawe na mchanga mnene, na usitie maji mpaka vidonda vikauke kabisa. Hata kama moyo wote umeondoka na kimebaki kitako chenye mizizi mizima, usikitupe. Mara nyingi hutoa vichipukizi ubavuni baada ya miezi.

Sasa udongo wako. Mfinyanzi ni mzuri kwa wafinyanzi. Klivia inataka nusu maganda ya miti yaliyokatwakatwa vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole, robo mboji iliyokwisha kuoza, robo changarawe. Mimina jagi la maji: yakituama juu hata kwa muda mfupi, anza upya. Panda shingo ya mmea, pale mizizi inapokutana na majani, ikiwa usawa wa udongo au juu kidogo. Samadi mbichi usiiweke karibu na shingo hiyo kamwe. Na unywesheapo, mimina kwenye udongo, usimwagie moyoni.

Viwavi weusi wenye mistari ya manjano. Wamekula klivia mbili usiku mmoja. — Mwenye hasira

Nawajua. Nondo wao hutaga kwenye mimea ya ukoo huu wote: klivia, krinamu, amarilisi. Wakiwa wadogo huchimba ndani ya jani na kuacha vidirisha vinavyopitisha mwanga. Ukiviona hivyo wafikicheni hapo hapo. Wakishakua huteremka kwenye moyo, na kutoka humo ni kazi. Toka jioni na tochi, waokote mmoja mmoja. Dawa ya viwavi iitwayo Bt, inayotokana na bakteria, inawafaa wakiwa bado wachanga.

Wengine watatu wameniuliza kuhusu vidung'ata, wale wenye utandu mweupe wa nta wanaojificha kwenye makutano ya majani. Mkiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye klivia, fungueni majani mtazame. Pamba na spiriti vinatosha wakiwa wachache.

Mtoto wa mwaka mmoja na mbwa, wote wanatafuna kila wanachokiona. Niwe na wasiwasi? — Mama wa watafunaji

Ndiyo. Klivia yote ina sumu, kuanzia mizizi hadi matunda, na miongoni mwa sumu hizo kuna iitwayo laikorini. Huleta mate mengi, kutapika na kuharisha, na ikiliwa kwa wingi huwa hatari zaidi. Paka nao wamo. Hayo matunda mekundu ndiyo yanayomvuta mtoto, kwa hiyo kata bua maua yanaponyauka, kabla halijazaa. Utomvu pia huwasha ngozi za baadhi ya watu, vaa glavu unapokata. Ikitokea mtoto ametafuna, mpeleke hospitali na jani mkononi, usingoje dalili. Mimi ningeiweka nje ya uwezo wao mpaka mtoto aanze kusikia anapoambiwa acha.

Bibi Shamba shikamoo. Klivia imepasua chungu. Mashina sasa ni saba, yamebanana hata maji hayaingii. Jirani anataka moja, na mimi naogopa kuigusa kwa kuwa kila mwaka inachanua vizuri. — Mwenye chungu kilichopasuka

Marahaba. Hofu yako ni ya haki, ila maji yasipoingia umeshachelewa kidogo. Subiri imalize kuchanua, kisha gonga vipande vya chungu vilivyobaki na uitoe nzima. Mizizi itakuwa imesokotana yote. Loweka kwenye ndoo ya maji, ilegee, halafu ipambanue kwa vidole taratibu. Baadhi itakatika, usilie, mizizi ni mingi. Panapokataa kabisa tumia kisu kisafi.

Si lazima utenganishe mashina yote saba. Mimi ningetoa mawili au matatu ya pembeni na kuacha kundi la katikati likiwa pamoja, kwa kuwa kundi ndilo litakaloendelea kukuchanulia. Shina la kumpa jirani liwe na majani yasiyopungua manne matano na mizizi yake yenyewe. Lisilo na mizizi liache kwa mama. Vidonda viache vikauke siku kadhaa kivulini, ndipo upande kwenye chungu kinachoizidi mizizi kwa upana wa vidole viwili tu. Usitie maji wiki ya kwanza. Mbolea, ngoja mpaka jani jipya litokee.

Kundi la katikati huenda likapumzika mwaka mmoja bila kuchanua. La jirani, mwambie mapema, linaweza kuchukua miaka miwili, na asikuletee malalamiko ukutani kabla ya hapo.